Kabla ya kulipia darasa la bastola Texas

Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, asiyezuiwa na sheria, anaweza kubeba bastola Texas bila leseni. Ndiyo maana wazungumzaji wa Kiswahili wa Houston na Dallas wanatuuliza: sasa darasa la kupata leseni ni la nini?

Leseni bado ipo na bado ina kazi. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na leseni ya jimbo ulilomo ni miongoni mwa vitu vinavyokukinga na katazo hilo. Ndani ya jiji, jaribu kwenda sokoni bila kupita karibu na shule! Tena majimbo mengine mengi huitambua leseni ya Texas, ilhali hiyo ruhusa ya kubeba bila leseni huvuki nayo mpaka.

Mwanzo wa leseni hii ni msiba. Oktoba 16, 1991, mtu mwenye silaha aliua watu 23 katika mkahawa mmoja mjini Killeen. Suzanna Hupp, mmoja wa wateja, aliwapoteza wazazi wake wote wawili mle ndani. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa sababu sheria ya wakati huo haikumruhusu kutembea nayo. Alipigania mabadiliko, na mwaka 1995 Gavana George W. Bush akatia saini sheria ya kubeba bastola iliyofichwa nguoni. Mwaka 2016 leseni ilibadilishwa jina kutoka CHL (leseni ya bastola iliyofichwa) kuwa LTC (leseni ya kubeba), maana bastola iliruhusiwa kuonekana pia, lakini watu wengi wanaendelea kuiita kwa jina la zamani.

Mafunzo yalikuwa ya saa 10 hadi 15. Tangu 2013 ni saa 4 hadi 6, na kwa maoni yangu yamepunguzwa mno. Wanafunzi huingia wakiogopa mtihani wa shabaha, kumbe huo ndio mwepesi: risasi 50, ambapo 20 hupigwa kutoka yadi 3, nyingine 20 kutoka yadi 7, na 10 za mwisho kutoka yadi 15. Alama za juu ni 250, na 175 zinatosha kufaulu. Yadi 3 ni upana wa chumba cha kulala tu. Anayeshindwa mara nyingi ni yule anayeivuta triga kwa pupa, mkono ukashuka kabla risasi haijatoka.

Uzito uko kwenye sheria. Sheria ya Texas inasema wazi kwamba maneno peke yake hayakupi haki ya kutumia nguvu. Mtu amekutukania mama yako kwenye maegesho? Ingia garini uondoke. Kutatua ugomvi bila vurugu ni sehemu rasmi ya somo, na mkufunzi anayeipitia harakaharaka hakutendei haki. Utafundishwa pia kwamba baa yenye kibao chekundu cha 51%, yaani ile ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni ya pombe inayonywewa papo hapo, huingii na bastola, na kwamba ukiwa nayo, polisi akikuomba kitambulisho unampa na leseni pamoja. Mikono iwe juu ya usukani hadi atakapokuelekeza, na usiiguse bastola hata kwa nia ya kumwonyesha ilipo.

Nyumbani, sheria inamhesabu aliye chini ya miaka 17 kuwa mtoto. Akiifikia bastola yenye risasi kwa uzembe wako, kosa ni lako, hata asipoifyatua. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Nunua kasiki.

Halafu kuna wasiopaswa kuingia darasani kabisa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, na asiye na hati za ukaazi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki wala kushika silaha. Viza ina misamaha michache, kama leseni halali ya uwindaji. Kushika bastola kwenye uwanja wa shabaha kwa ajili ya mtihani nako ni kushika. Kosa hilo linaweza kukufunga jela na kukurudisha ulikotoka. Aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, hata kesi iwe ndogo kiasi gani, naye amezuiwa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kama hana zuio jingine. Kwa aliyeomba hifadhi na bado anasubiri majibu, ada ya kwanza iende kwa mwanasheria wa uhamiaji, si kwa mkufunzi.