Zege la kokoto za tope la bwawani, maneno ya mtaani na ukweli wake

Ukimwambia mtu hizi kokoto zimetokana na tope lililozolewa chini ya bwawa, atakwambia jengo litayeyuka mvua ya kwanza tu. Jamani, tope haliingii kwenye zege likiwa bichi! Linakaushwa, linaviringishwa vidonge, halafu linachomwa kwenye tanuru kwenye nyuzi kama 1,100 hadi 1,200 za sentigredi, gesi za ndani zinalivimbisha huku nje ganda linakuwa gumu kama kioo, na likishaiva hivyo hata ulilaze kwenye maji halirudi kuwa tope. Taiwan wameshazitengeneza kwa mashapo ya bwawa la Shimen.

Kuna wanaosema eti zege la kokoto hizi, kwa kuwa ni jepesi, ni dhaifu. Zege la kawaida lina kilo kama 2,400 kwa mita moja ya ujazo, hili mara nyingi halifiki 2,000, na bado likipangiwa vipimo vizuri linabeba nguzo na sakafu. Ila kweli linapinda zaidi kidogo likibeba mzigo, injinia lazima alipigie hesabu hilo.

Sasa hii ya vitundu ndo inanikera zaidi, kwamba kokoto ina matundu kwa hiyo maji yanapita moja kwa moja hadi kwenye nondo. Kinachozuia maji hasa ni ule uji wa simenti unaozizunguka kokoto, na vile vitundu vilivyokunywa maji vinayaachia polepole ndani kwa ndani, simenti inaendelea kukomaa na pale inaposhikana na kokoto panabana vizuri. Meli ya zege SS Selma ya Marekani ilishushwa majini 1919, kokoto zake ni za mwamba wa tope uliochomwa ukavimba, yaani ndugu wa hizi, na mwili wake mpaka leo umekaa kwenye maji ya chumvi ya Galveston, Texas.

Wasiwasi una maana kama tope la bandarini limewekwa badala ya mchanga bila kuoshwa wala kuchomwa, chumvi yake itakula nondo. Kwenye baridi ya kugandisha nako, kokoto zilizojaa maji zinaweza kupasua zege.

Lingine ni uzembe wa saiti tu, kokoto zinamwagwa kavu, zinafyonza maji ya mchanganyiko, zege linakakamaa kabla halijashindiliwa. Ziloweshwe mapema, na vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishindiliwe, isikae sana sehemu moja maana kokoto nyepesi zinaelea juu, uji unabaki chini.