Madoa Yamepotea? Sawa, Mkojo Uko Wapi?

Juzi mama mmoja wa Kisauni alimpandisha mwanawe juu ya meza yangu, akamkunja suruali hadi magotini. "Tazama mwenyewe daktari, hata doa moja hakuna." Nikatazama. Miguu mashallah, imetakata. Nikauliza mkojo wa asubuhi. "Wa nini tena, na mtoto kapona?" Huyo alikuwa wa tatu wiki hii, ndiyo maana naandika haya usiku badala ya kulala.

Ugonjwa wake ni papura ya Henoch-Schönlein, mishipa midogo ya damu kuvimba na kutoa madoa. Umebadilishwa jina tangu 2012, sasa ni vaskulitisi ya IgA, lakini kliniki bado tunasema HSP. IgA, aina ya kingamwili, inatuama kwenye kuta za mishipa midogo: ngozi, matumbo, maungo, vichujio vya figo. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ziko sawa, kwa hiyo usiniletee habari za dengi wala za "damu chafu". Kwenye ngozi yetu nyeusi madoa hayawi mekundu kama ya kwenye picha za vitabu. Pitisha kiganja utayahisi yameinuka, hasa miguuni na matakoni. Basi, ngozi tumemaliza.

Figo lina saa yake, haliendi na saa ya ngozi. Uchambuzi wa 2005 uliokusanya watoto zaidi ya 1,100 ulikuta thuluthi moja hivi mkojo wao ulikuwa na kasoro. Kati ya hao, 85% kasoro ilionekana ndani ya wiki 4, na 97% ndani ya miezi 6. Sasa piga hesabu. Madoa huisha kwa wiki kadhaa, mzazi anafurahi, na kuna watoto ambao ndiyo kwanza figo linaanza. Ndiyo maana cheti cha "mkojo safi" cha siku ya tatu hakinitulizi. Wala kreatinini nzuri, ile taka ya damu ambayo figo huitoa, hainitulizi, kwa sababu damu na protini hutangulia kuvuja, na kreatinini hupanda baadaye, ikipanda.

Mimi hupima kila wiki mwezi wa kwanza, halafu kila wiki mbili hadi mwezi wa tatu, halafu kila mwezi hadi wa sita. Kijiti cha mkojo na presha, hakuna mashine ya ajabu. Lakini presha ipimwe kwa mkanda wa mtoto! Mkanda wa mtu mzima kwenye kijimkono cha miaka sita hutoa namba ya chini ya uongo, na wote tunarudi nyumbani tukiwa na raha.

Na mkojo uwe wa kwanza wa alfajiri. Hapa ndipo madafu yanaponichosha. Nyanya amesikia figo, basi tangu subuhi mtoto ananyweshwa dafu la tatu "limsafishe figo", kisha analetwa kupimwa. Mkojo umekuwa maji matupu, kijiti kinasoma kiasi cha protini kwa ujazo, hakioni kitu. Mwingine anapimwa saa kumi jioni baada ya mpira, protini inaonekana ya kucheza tu, tunatishana bure. Na kama figo kweli limechoka, dafu lina potasiamu nyingi, ambayo ndiyo hasa figo hilo linashindwa kuitoa. Dafu ni tamu, nami nalinywa. Si dawa.

Kisha kichocho. Pwani hii mkojo wa damu una jina moja tu, na sibishani na aliyetoka Kwale au Kilifi, ambako kichocho kipo kweli. Ila damu ya kichocho kwa kawaida huonekana mwishoni mwa mkojo, nyekundu, na mtoto anaungua. Damu ya vichujio huchanganyika mkojo mzima, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, bila maumivu, na mara nyingi haionekani kwa macho kabisa. Chini ya hadubini chembe zake zimepindapinda, na ukibahatika utaona silinda za chembe nyekundu, zilizoumbika ndani ya mirija ya figo. Tatizo ni mtoto mwenye vyote viwili. Kichocho nacho kinaweza kutoa protini. Humpa prazikwanteli, dawa ya kichocho, nikasubiri, nikapima tena, na katikati ya kusubiri huko, nakiri, hubabaika. Nikiharakisha namtuma kutolewa kipande cha figo cha kuchunguzwa, bure. Nikichelewa napoteza wiki ambazo figo lilizihitaji.

Jambo jingine vitabu hulisema kwa ujasiri kunishinda: prednisoloni, dawa ya steroidi. Hutuliza tumbo na maungo, hilo naliona. Kumpa mtoto mwenye mkojo safi ili "kulinda figo" hakumlindi. Majaribio yamefanywa, jibu ni hapana. Figo likishaanza kuvuja protini nyingi, naandika, na wengi tunaandika, lakini ushahidi ni mwembamba kuliko mwandiko wetu ulivyo na uhakika. Ibuprofeni ya duka la dawa kwa ajili ya magoti, hiyo iacheni mpaka tujue mkojo unasemaje.

Nisiwatishe. Wengi huisha salama, na katika uchambuzi huo wa 2005, mtoto ambaye mkojo wake ulibaki safi hakupata madhara ya kudumu ya figo. Wenye damu au protini kidogo tu, chini ya 2% ndio walioharibika. Wenye uvimbe wa figo kamili au waliomwaga protini hadi wakavimba, karibu mmoja kwa watano. Watu wazima hali yao ni mbaya zaidi, na bado hao ndio wakaidi wa kuleta chupa. Na binti aliyewahi kuguswa figo, siku akishika mimba amwambie mkunga mapema, presha na mkojo vifuatwe kwa karibu.

Mama wa Kisauni alirudi kesho yake na chupa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kwenye kijiti damu alama mbili, protini alama moja, presha sawa. Tutapima tena Jumatatu. Safari hii suruali hakuikunja.