Milioni 20 za darasa jipya haziezeki darasa la zamani

Mvua za Januari zikishakolea huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, picha ile ile huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Upande mmoja darasa jipya, bati la bluu linang'aa. Upande wa pili darasa la zamani, kenchi zimelegea, watoto wamejibana pembeni kukwepa matone. Chini yake maneno: "Milioni 20 zingekarabati vyumba vinne. Halmashauri haijui vipaumbele." Safari hii aliyeituma ni mtumishi mwenzangu, mtu anayeingia vikao vya bajeti. Nikaona heri niandike.

Mimi ni afisa mipango. Hesabu ya vyumba vinne siipingi. Yapo majengo ambayo inawezekana kabisa. Ninachopinga ni imani iliyo nyuma yake, kwamba halmashauri ina mfuko mmoja, mkurugenzi anauchungulia, kisha anaamua ajenge au akarabati. Mfuko huo haupo.

Fedha ya darasa jipya huja na jina lake. Mwaka 2021, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabili athari za UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi (vituo vidogo vya kusomea watoto wanaokaa mbali na shule mama), kila chumba kwa shilingi milioni 20. Kila halmashauri ilipokea idadi ya vyumba vyake, na vilitakiwa viwe tayari shule zikifunguliwa Januari 2022. Fedha za miradi ya serikali, SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, nazo huja na orodha ya vitu vya kujengwa. Mwalimu mkuu akichukua fedha ya kasma hiyo, yaani fungu hilo la bajeti, akanunulia bati la jengo jingine, hata kwa nia njema namna gani, ametumia nje ya bajeti. Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha juu. Bila kibali ni hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na mkurugenzi ataenda kuijibu mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Mchango wa msiba haununui mbolea, hata kama shamba limekuwa njano.

Basi tumieni mapato ya ndani, watu husema. Hapa ndipo ninapochoka. Chukua halmashauri ya mfano inayokusanya bilioni 3 za mapato yasiyolindwa (yasiyofungiwa matumizi maalum) na kutakiwa kupeleka asilimia 40 kwenye maendeleo. Hiyo ni bilioni 1.2. Toa asilimia 10 ya mapato kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ni takwa la sheria: milioni 300. Zimebaki milioni 900. Gawa kwa kata 25, kila kata inapata milioni 36 kwa mwaka mzima, kwa zahanati, kisima, ofisi ya kijiji, vyoo vya shule, na maboma ambayo wananchi wameyanyanyua hadi renta (mkanda wa zege juu ya madirisha) wakitungoja tuyaezeke. Kukamilisha boma moja la darasa tumezoea kuliwekea milioni 12.5. Maboma matatu tu, na kata imeshapitiliza fungu lake.

Na hizo milioni 36 ni makisio. Ushuru wetu uko shambani na msituni: mahindi, viazi, mpunga, chai, parachichi, mbao. Bei ya viazi ikianguka, mradi uliotegemea ushuru wa viazi unasimama. Kodi ya majengo ilihamia Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Baraza la madiwani likipitisha bajeti limeidhinisha matumizi ya fedha ambayo bado haijakusanywa. Naomba hili lieleweke, kwa sababu kila robo mwaka kuna mtu anayeniuliza fedha "iliyopitishwa" imekwenda wapi, na sauti yake inakuwa ya mtu aliyekwisha nihukumu.

Ruzuku ya uendeshaji nitaipitia haraka. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, mwanafunzi wa msingi ana shilingi 10,000 kwa mwaka: 6,000 zinafika shuleni, zilizobaki ni za vitabu. Shule ya watoto 420 inapata 2,520,000 kwa mwaka, yaani 210,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, michezo, na ukarabati nao umo humo humo. Mwalimu mkuu atabadilisha kitasa na kuziba mashimo ya sakafu. Paa halifiki.

Kwa hiyo ukarabati hauna mwenyewe. Darasa jipya lina mfadhili, lina siku ya kuzinduliwa, na kwenye taarifa linaonekana kama chumba kilichoongezeka. Paa lililobadilishwa haliongezi chumba. Tena kuna jambo ambalo vikaoni hatulisemi kwa sauti, nalo ni namna tunavyohesabu upungufu. Tunachukua idadi ya wanafunzi, tunagawa kwa 45 kwa shule za msingi au 40 kwa sekondari, tunatoa vyumba vilivyopo. Chumba kinachovuja ni chumba kilichopo. Kina sakafu ya vumbi, hakina dari, madirisha yameng'oka: bado kipo. Siku mhandisi akiandika kwamba hakifai ndipo kinatoka kwenye hesabu, upungufu unapanda, na shule inasogea mbele kwenye foleni ya darasa jipya.

Tazama kinachotokea. Kamati ya shule iliyochangishana, ikabadili kenchi na kupiga lipu, imejiondoa yenyewe kwenye foleni. Shule ya jirani iliyoacha jengo likaporomoka inapata milioni 20. Walimu wakuu wameielewa hesabu hii mapema kuliko sisi wa mipango, na siwezi kuwalaumu. Nimewahi kupendekeza tupime hali ya majengo pamoja na idadi yake. Jibu huwa kwamba wahandisi hawatoshi kukagua kila shule kila mwaka, na ni jibu la kweli. Hata hivyo picha nne alizopiga mwalimu mkuu kwa simu, za paa, ukuta, sakafu na choo, zingetosha kuanzia. Nina shaka kama kila mtu angepiga picha za haki akijua fedha inafuata ubovu. Shaka hiyo sijapata dawa yake, lakini mfumo tulio nao sasa unalipa ubovu vile vile, tena bila picha.

Turudi kwenye vyumba vinne. Vyumba vingi vikongwe vijijini ni vya enzi za UPE, kampeni ya elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974, vilivyojengwa na wanavijiji wenyewe. Ukuta wa tofali umeungwa kwa udongo, renta haizunguki jengo. Ukiezua paa ndipo unagundua kwamba lile paa ndilo lililokuwa limeshika kuta. Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko tunayasikia. Sitaki kuwa mtu aliyeweka bati jipya juu ya ukuta wa namna hiyo na watoto 60 chini yake. Hapo najenga upya, na picha ya WhatsApp mniletee tu.

Vyumba vya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ni habari nyingine. Mpango ule ulianza 2002, kwa hiyo vyumba vyake vya mwanzo vimepita miaka 20. Vingi vina tofali la kuchoma lililoungwa kwa saruji, msingi umesimama, ukuta haujapasuka. Kilichokufa ni paa: mbao zilipandishwa mbichi bila dawa, bati lilikuwa jepesi, geji 30 badala ya 28. Hapa mwenye ile picha ana haki yote. Kila mvua inayopita inaingia ukutani, na baada ya misimu michache jengo lililohitaji paa litahitaji kubomolewa. Hivi ndivyo vyumba vinavyoninyima usingizi, na ndivyo visivyopigiwa kelele kwa sababu kwa nje bado vinapendeza.

Wahandisi wengine hutumia kipimo kwamba ukarabati ukizidi nusu ya bei ya jengo jipya, jenga jipya. Mimi kipimo hicho sikiamini kwa huku kwetu. Milioni 20 zilikuwa zile zile kwa darasa la Uyole, kando ya lami na karibu na kiwanda cha saruji cha Songwe, na kwa darasa lililo juu ya kilima huko Makete ambako mchanga unapandishwa na lori linalonasa njiani. Tofauti waliilipa wananchi kwa kuchimba msingi, kusomba mawe na kubeba maji. Jasho hilo haliandikwi kwenye bei ya darasa jipya. Likiandikwa, ukarabati utashinda mara nyingi zaidi ya inavyoonekana kwenye karatasi.

Halafu kuna msimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kiangazi chetu ni kuanzia Mei hadi Oktoba, na ndicho wakati wa kufyatua na kuchoma tofali. Fedha ikitua Oktoba, ukapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, hadi upate wazabuni na mafundi, Novemba imefika na mvua imeanza. Darasa jipya utalipigania hivyo hivyo ndani ya tope. Paa la zamani huwezi kuliezua Desemba. Ukisubiri mvua ziishe unakimbizana na Juni 30, ambapo bakaa inarudi Hazina.

Sababu ya kuandika haya sasa ni 2027. Kwa mtaala mpya, mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Sekondari lazima tujenge, na mkondo wa amali, yaani wa elimu ya ufundi, unataka karakana juu ya madarasa. Lakini shule za msingi zitabaki na madarasa sita na awali. Shule yenye mikondo miwili, yaani vyumba viwili kwa kila darasa, itapata nafuu ya vyumba viwili, kama uandikishaji hautaimeza nafuu hiyo, jambo ambalo kwenye kata za mjini ninalihofia. Kwa kata nyingi za vijijini naona fedha yoyote ya ndani tutakayoipata kwa shule za msingi iende kwenye mapaa ya MMEM.

Kulifanikisha hilo kunahitaji liingie kwenye mpango wa kijiji kabla ukomo wa bajeti haujafungwa. Ombi likija Machi, bajeti imeshapita ngazi ya mkoa na mimi sina pa kuliweka. Mkutano mkuu wa kijiji ukae Oktoba, utaje shule, idadi ya vyumba na kwamba ni paa tu. Mwalimu mkuu aambatanishe picha. Kamati ya Maendeleo ya Kata ipitishe. Muhtasari uliosainiwa, wenye mhuri wa mtendaji, ufike ofisi ya mipango kabla ya Desemba, na nakala apewe mheshimiwa diwani ili aubebe kwenye Kamati ya Fedha.