Jamani acheni kuongeza taa, mimea yenu ina njaa

Wiki hii peke yake watu wanne wameniambia maneno yale yale, "fundi mimea ya kwenye tangi la samaki haikui, nimeongeza taa na bado." Nimeona bora niandike sehemu moja, akija wa tano namtumia hii.

DHANA: mmea haukui kwa sababu mwanga ni mdogo.

Hii ndo inayonichosha kuliko zote. Taa sio chakula. Taa ndo inaamua mmea utadai chakula kiasi gani. Ukiwasha taa kali mmea unaanza kutaka kaboni dayoksaidi, naitrojeni, potasiamu, fosforasi, chuma, vyote kwa wingi na kwa haraka, na naitrojeni, potasiamu na fosforasi visipokuwepo kwenye maji unavinyonya kutoka kwenye majani yake ya zamani, ndo unaona yanatoboka yanageuka njano, alafu mwani, ule utando wa kijani unaoota kwenye vioo na majani, unakuta mwanga umejaa na mmea umechoka basi unajitandaza kila mahali. Ni kama wali kwenye jiko la mkaa, maji yamekauka mchele bado mgumu, wewe unazidisha mkaa. Sufuria itaungua na mchele hautaiva.

Kuna dada mmoja wa Tegeta ana tangi la lita 120, taa za LED mbili, zinawaka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tano usiku, yaani masaa 17, na alikuwa anajipanga kununua ya tatu. Nikaenda. Nikachomoa tawi moja la haigrofila, mmea wa majini wenye shina refu, nikaliweka kiganjani. Majani machanga ya juu kijani safi kabisa. Ya chini yana vitundu kama vimechomwa na sindano, kila kitundu kina duara la njano pembeni, na mengine vitundu vimeshaungana vimekuwa madirisha. Nikamwambia dada, hapa taa haihusiki. Majani ya zamani yakiumia wakati machanga yako salama, maana yake mmea unahamisha madini kutoka chini kwenda juu, na vitundu vya namna hii mara nyingi ni potasiamu. Ingekuwa chuma ingeanzia juu, jani changa lingetoka limepauka na mishipa tu ndo ya kijani, kwa sababu chuma kikishaingia kwenye jani hakihami.

"Kwa hiyo kaka nisinunue taa?" Usinunue, na hata hiyo ya pili izime. Iliyobaki tukaiwekea taima, masaa 7 kwa siku basi. Alafu akaenda duka la pembejeo akachukua potasiamu naitreti, ile mbolea iliyoandikwa 13-0-46 wanayotumia wenye kitalu nyumba. Kila wiki anabadilisha nusu ya maji, anakoroga gramu 2 kwenye kikombe, anamimina. Gramu 1 kwenye lita 100 inakupa kama miligramu 6 za naitreti na karibu miligramu 4 za potasiamu kwa kila lita, kwa hiyo hata mizani ndogo ya jikoni inatosha kama unapima kwa uangalifu. Wiki ya tatu akanitumia picha, majani mapya mazima hayana hata kitundu kimoja. Ya zamani hayaponi, yakate. Watu wengi wanakata tamaa kwa sababu wanaangalia jani bovu wakisubiri lizibe vitundu, halizibi ng'o, angalia yanayochipua.

Na hesabu ya kaboni ndo inayosahaulika kabisa. Maji yaliyokaa tu na hewa ya kawaida yana kaboni dayoksaidi chini ya miligramu 1 kwa lita. Wanaopuliza gesi hiyo ya kaboni dayoksaidi ndani ya tangi wanalenga 20 mpaka 30. Tena hiyo gesi inasafiri ndani ya maji karibu mara 10,000 taratibu kuliko hewani. Sasa wewe huna gesi unafunga taa tatu, mmea utazitumiaje? Kama huna gesi weka taa ya wastani na mimea mivumilivu: anubiasi, kriptokorini, valisneria. Hata ile chupa ya hamira na sukari, inayochacha na kutoa kaboni dayoksaidi, inafanya kazi kwa tangi dogo, nimewafungia wengi, ila siku za joto inatoa gesi nyingi, baada ya wiki moja mbili inafifia, na mwani unapenda sana hayo mapandashuka. Na haizimi usiku, kwa hiyo ukikuta asubuhi samaki wako juu wanahema punguza haraka.

DHANA: mapovu ya pampu ya hewa yanalisha mimea. Hapana, yanasaidia samaki kupata oksijeni. Na kama unapuliza gesi, mapovu hayo hayo yanaifukuza itoke kwenye maji, umenunua gesi ya kupulizia sebule.

DHANA: mbolea ndo inaleta mwani. Mwani unaletwa na taa kuzidi, amonia, majani yanayooza ndani, na gesi isiyo na mpangilio. Mmea wenye afya unaudhibiti. ILA nasisitiza, urea na DAP, zile mbolea za shambani, usitie kwenye tangi hata chembe, zinatoa amonia na samaki watakufa. Nimeshaitwa kwenye tangi la hivyo, hakuna cha kuokoa.

DHANA: kinyesi cha samaki kinatosha. Kinatoa naitrojeni na fosforasi, sawa. Potasiamu na chuma ni kidogo mno.

DHANA: kriptokorini imeyeyuka, imekufa. Usiitupe! Mashamba mengi yanaotesha hii mimea nje ya maji, majani yake yamezoea hewa, ukiizamisha yanaoza yote ndani ya siku chache. Mizizi ikiwa migumu na myeupe iko hai. Ondoa yaliyooza, usiihamishe hamishe, subiri wiki tatu nne.

DHANA: anubiasi lazima izikwe kwenye mchanga isimame vizuri. Huu mmea ni wa Afrika Magharibi na Kati, kwao unashika kwenye mawe na magogo kandokando ya mito. Lile shina nene la kulala, linalofanana na tangawizi, ukilifukia linaoza na majani yanaachia moja moja. Na usinipigie baada ya wiki mbili kusema haikui, ikikupa jani moja kwa mwezi hiyo ni kasi yake. Ifunge na uzi wa pamba kwenye jiwe, mpaka uzi uoze mizizi itakuwa imeshashika yenyewe.