Altezza yako, mvua, na zile tairi za nyuma ambazo hujawahi kuzichungulia

Masika ndo hiyo imeingia na kama kawaida wiki ya kwanza tu karakana yetu imeshapokea magari mawili ya vijana yaliyoenda kusalimia mtaro, kwa bahati hakuna aliyeumia zaidi ya kujigonga goti. Mi ni mkufunzi wa ufundi magari kwenye chuo cha ufundi hapahapa Arusha, na chuo kimeniomba niandike kitu kwa hawa wenye magari ya mbio, yaani Altezza, Mark X, Chaser, Impreza za turbo, na hata Crown Athlete manake siku hizi nayo inakimbizwa kama imeibiwa. Nimekubali ila nimewaambia nitaandika ninavyoongea.

Mmoja wa hao wawili ni chalii mwenye Altezza RS200, gia za kukanyaga klachi, imeshushwa chini mpaka tuta la Njiro analipita upande upande. Anashuka ananiambia, ticha, gari imenigeuka yenyewe. Nikamuuliza ulikuwa spidi ngapi, anasema ya kawaida tu, themanini, na jana yake alipita palepale na mia na gari ilikuwa imenata kama imegundishwa. Sasa hapo ndo pana somo lote, kwenye hiyo jana yake. Jana lami ilikuwa kavu.

Kuna kitu nikiwaambia watu wanabisha. Tairi iliyoisha kashata, yaani ile michoro ya mifereji juu ya mpira, kwenye lami kavu inaweza kushika vizuri tu, wakati mwingine hata kuzidi mpya, kwa sababu mpira mwingi zaidi unagusa chini na vile vimatofali vya kashata vikishakuwa vifupi havinesi ukikata kona. Ndo maana tairi za Formula 1 za siku ya jua ni kipara kabisa. Kila muhula lazima nipate mwanafunzi mmoja wa kuniletea hoja hiyo, ticha mbona Hamilton, yule dereva wa Formula 1, anatumia kipara. Sawa, ila mvua ikinyesha Hamilton anaingia piti anabadilishiwa zote nne kwa sekunde mbili tatu, na ile tairi ya mvua kubwa, kwa maelezo ya Pirelli wenyewe wanaozitengeneza, inatupa pembeni lita 85 za maji kila sekunde gari ikiwa spidi 300, halafu mpira wake ni laini, si huu wako uliokaushwa na jua la Moshi tangu 2016. Kwa hiyo kipara kinakudanganya miezi yote ya kiangazi. Unazoea kona kwa spidi fulani, mwili unakariri kabisa, halafu siku moja mawingu yanatoka huko juu Meru na wewe unaingia kona ileile kwa hesabu za jana.

Kashata kwenye lami kazi yake kubwa ni moja, kutoa maji ili mpira uguse chini. Tairi mpya ya gari ndogo ina kina cha kama milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira, kashata ikilika mpaka ikalingana navyo ujue umebaki na milimita 1.6, na hicho ndo kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya zimeweka kwamba chini ya hapo tairi hairuhusiwi barabarani. Mi naona 1.6 ni kuchelewa. Wataalamu wengi wa tairi wanasema kwa mvua ukifika milimita 3 anza kutafuta hela, na kwa gari yenye tairi pana kama hizi zetu nakubaliana nao mia kwa mia, manake tairi ikiwa pana maji yana safari ndefu kutoka katikati mpaka pembeni. Huna kipimo? Chukua njiti ya kiberiti, unene wake ni kama milimita 2, ilaze kwenye mfereji, ikichomoza juu ya kashata basi hapo hakuna tairi, kuna rangi nyeusi.

Maji yasipotoka yanafanya kabari mbele ya tairi, yanainyanyua, na gari inaelea. Hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umeshika sufuria tupu. NASA walikuwa wanahangaika na ndege zinazoteleza uwanjani zikitua, miaka ya 1960 wakatoka na hesabu inayoonyesha tairi itaanza kuelea kwa spidi gani kutokana na upepo uliomo, na kwa tairi iliyoisha kwenye maji yaliyotuama hesabu hiyo inakupa mwanga mzuri sana. Ukiwa na upepo wa psi 36 inakuja kama kilomita 100 kwa saa. Ukishuka mpaka psi 24, ambayo ni kawaida kabisa kwa wale wanaojaza upepo mara moja kwa mwaka siku ya kwenda Dodoma, unaelea kwenye kama 82. Chalii wangu tulipima nyuma tukakuta 25. Themanini yake ile si ndo hiyo jamani?

Halafu pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi, usipime umetoka Usa River mbio mbio, tairi ikipata moto geji inapanda na unadhani uko vizuri. Baridi la Julai hapa Arusha nalo linapunguza, kila joto likishuka kama nyuzi 5 au 6 unapoteza karibu psi moja bila pancha yoyote.

Tairi iliyogusa chini eneo lake ni kama kiganja chako tu, viganja vinne ndo vinabeba tani moja na zaidi ya gari pamoja na wewe na spika zako. Na ule mshiko ni kama mshahara, ni mmoja, ukiutumia wote kulipa kodi ya nyumba ada inakosa. Ukiutumia wote kukata kona hujabaki na wa breki. Chukua mteremko wa Kikafu ukitoka Boma Ng'ombe kwenda Moshi, unashuka huku unakata kona. Nguvu inayokuvuta nje ya kona haipandi sambamba na spidi, inapanda kwa spidi zidisha kwa spidi, kwa hiyo kutoka 60 kwenda 80 unaona umeongeza kidogo kumbe tairi inadaiwa karibu mara 1.8. Pale katikati ukishtuka ukaachia mafuta ghafla au ukakanyaga breki, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na kama nyuma ndo kuna vipara basi mkia unakuja kukusalimia dirishani. Breki ziishie kabla ya kona. Ndani ya kona mguu uwe mpole.

Sasa nirudi kwenye ile Altezza. Ukisimama pembeni tairi zake za nyuma zilikuwa zinapendeza, kashata ipo, jina la kampuni linasomeka, hata mi mwenyewe ningesema zina mwaka. Tukapandisha jeki. Upande wa ndani waya zinaonekana! Ukikata springi au ukishusha gari bila kurekebisha, tairi zinalala, juu zinaingia ndani, na gari inatembelea ukingo wa ndani peke yake, na kama na alaimenti ya nyuma, yaani tairi zinavyoelekea, imekaa vibaya basi ndo inasugua kama kifutio. Wengi wanafanya alaimenti ya mbele tu, kumbe gari kama Altezza na Mark X nyuma nako kunarekebishika na ndiko kunakoteketea. Za mbele ni rahisi, kata usukani mpaka mwisho uchungulie. Za nyuma lazima ulale chini, tandika gunia, au pitisha kiganja taratibu kwa ndani, na nimesema taratibu kwa sababu waya zinachana.

Ukiwa na hela ya tairi mbili tu, nzuri ziende nyuma. Mafundi wengi watakuwekea mbele, wanasema mbele ndo kuna usukani na breki. Najua inaingia akilini ila mbele ikiteleza gari inaenda moja kwa moja, unaachia mafuta taratibu, spidi inapungua, inarudi. Nyuma ikiteleza unageuka, na dereva wa kawaida pale hana muda wa kufanya chochote. Hii ni kwa gari zote, hata inayovuta mbele.

Wa Subaru najua mnasoma huku mnacheka. Kuvuta kwa tairi nne kunakusaidia kuondoka, kwenye breki kila gari ni tairi nne, hakuna cha ziada ulichonacho. Tena nyie msichanganye tairi mpya na iliyoisha, zinazunguka tofauti na ile difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote mpaka inachemka. Bei yake mnaijua.

Umri nao. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, mwisho wake tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2315 ni wiki ya 23 mwaka 2015. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo, unakauka, unaweka nyufa. Paul Walker, yule mwigizaji wa sinema za magari, alifariki Novemba 2013 huko California akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT iliyokuwa inaendeshwa na rafiki yake, na wachunguzi walisema gari ilikuwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa sehemu ya 72, na tairi zake zilikuwa na miaka 9. Spidi ndo ilitajwa sababu, ila tairi ya miaka 9 kwenye gari ya namna ile haikusaidii. Sisi tunanunua tairi za mtumba hatuangalii hata hiyo namba, tunaangalia kashata. Na kuna wanaochonga, yaani jamaa anachukua kisu cha moto anachora mifereji mipya kwenye kipara. Tairi za lori zipo zilizotengenezwa zichongwe, zimeandikwa kabisa. Hizi za gari ndogo ukichonga umekula mpira uliokuwa unafunika waya, basi.

Ikitokea umeshateleza: kama unaelea kwenye maji, achia mafuta taratibu, usukani ushike ulivyo nyooka, usikate, manake tairi zikirudi kugusa chini zimekatwa gari inaruka upande. Kama mkia ndo umetoka, macho yaende unakotaka kwenda, usiangalie nguzo, na usukani ufuate macho. VSC, ule mfumo wa kompyuta unaozuia gari isiteleze, kama gari inayo usiuzime, wale wa kuizima ili muonekane mnajua, mvua haijui.

Chalii alibadilisha za nyuma, 215/45 R17, akafanya alaimenti ya mbele na nyuma. Kuinua gari alikataa. Nikamwambia basi afungue buti nione spea, tukaikuta ni ya 2009 na haina upepo hata wa kusukuma baiskeli.