Kikohozi cha siti ya dirishani

Saa moja kasoro robo asubuhi, daladala ya Gongo la Mboto imeganda kwenye foleni kabla ya Tazara. Mvua inapiga, madirisha yote yamefungwa, vioo vimeshika ukungu kiasi cha mtu kuandika jina lake kwa kidole. Mama mmoja wa makamo, siti ya dirishani, anakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kinakuja kwa mafungu: mara tatu, kimya, mara nne. Kila kikimjia anavuta ncha ya khanga na kuziba mdomo, machozi yanamlengalenga.

Kijana aliyekaa naye alianza kwa kugeuza uso. Akasogeza goti. Mwisho akainuka kabisa, akaning'inia kwenye bomba. Mtu ameigombania siti mlangoni hadi akakanyagwa viatu, halafu anaiacha kwa hiari yake: wakazi wa Dar wanajua uzito wa jambo hilo. Nyuma sauti ikasema, "TB hiyo." Konda naye hakukosa la kuongeza: "Mama, si ungepumzika nyumbani leo?" Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha woga.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Sikucheka, lakini kichwani nilikuwa nimeshamjazia fomu ya kupima makohozi. Mimi ni tabibu, kliniki ya kifua kikuu ndiyo kazi yangu, huu ni mwaka wa 14. Kwa hiyo kosa la yule kijana na langu lilikuwa moja, ila langu lilivaa koti jeupe.

Siti ikiwa wazi, nikakaa.

"Shikamoo mama. Pole na kikohozi."

"Marahaba baba. Ndiyo hiki, hakitaki kuniacha."

"Kina muda gani?"

"Toka Ramadhani."

Homa hana. Jasho la usiku hana. Kupungua mwili? Akanionyesha mkono wake ulivyojaa, akatabasamu: "Nipungue wapi, mwanangu?" Ndipo nikauliza swali ambalo ningelianza nalo: kuna dawa yoyote anatumia? Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge. Enalapril. Alikuwa ameanza dawa ya presha miezi michache kabla.

Enalapril, captopril na ndugu zao ni dawa nzuri sana za presha na moyo, lakini zina tabia moja. Zinazuia kimeng'enya ambacho, pamoja na kazi zake nyingine, huvunjavunja kemikali iitwayo bradikinini. Bradikinini ikirundikana kwenye njia ya hewa, koo linawasha na kikohozi kikavu kinaanza. Kati ya watu kumi wanaozitumia, mmoja hivi hupata kikohozi hicho, na wanawake hukipata zaidi. Nilimwambia asiache vidonge kwa uamuzi wake, arudi kwa daktari wake ambadilishie, maana dawa za presha ziko za aina nyingi. Na bado nilimwambia apime makohozi, kwa sababu kanuni yetu kikohozi kikifika wiki mbili haina mjadala, hata kama sababu nyingine imeonekana. Ila hapo nilikuwa naongea baada ya kuuliza. Kabla ya kuuliza nilikuwa abiria tu mwenye masikio.

Na masikio, kwa kazi hii, ni shahidi wa hovyo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio yao: waliwasikilizisha watu sauti za kukohoa na kupiga chafya, wakawaomba waseme zipi zimetoka kwa mtu mwenye maambukizi na zipi zimetoka kwa mtu anayekohoa kwa sababu nyingine. Majibu hayakuwa bora kuliko kurusha shilingi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wasikilizaji walijiamini. Sauti iliyowatia kinyaa waliihesabu ni ya ugonjwa, iwe ilikuwa ya ugonjwa au la. Yaani walikuwa wakipima kinyaa chao wenyewe, wakadhani wanapima mapafu ya mwenzao.

Nikirudi kwetu, hebu hesabu ni nini kinachokohoza watu Dar es Salaam: vumbi la barabara zisizoisha kutengenezwa, moshi wa mkaa, pumu, kiungulia kinachopanda kooni usiku. Kuna pia mafua yaliyokwisha zamani. Mtu akipata mafua anatarajia kikohozi kiishe ndani ya wiki, kumbe kwa wastani huchukua karibu wiki mbili na nusu. Wiki ya pili mtu ameshapona na anakwenda kazini, lakini koo lake bado halijapata habari.

(Kama unataka kiumbe kinachojua kutofautisha, kipo Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa sampuli za makohozi, na panya hao huibua wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwakosa. Angalia wanachonusa lakini: makohozi kwenye kikopo. Hakuna panya anayepandishwa daladala kumkodolea mtu macho.)

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaoninyima usingizi. Miaka kadhaa iliyopita tulimwita kijana mmoja wa bodaboda aje apimwe kwa sababu kaka yake alikuwa mgonjwa wetu na walilala chumba kimoja. Alikuja amekasirika, tumemkatisha wateja. "Dokta, mimi hata sikohoi." Kweli hakuwa akikohoa. Kifua kipana, sauti ya kutosha kuita abiria toka upande wa pili wa barabara. Tukampa kikopo, sampuli ikaingia kwenye mashine ya GeneXpert, baada ya saa mbili jibu likatoka: vimelea vipo. Yule angekaa pembeni yako kwenye daladala ungempisha vizuri, ukamsimulia habari za mpira mpaka mwisho wa safari.

Na hakuwa wa ajabu. Tafiti zinazopima jamii nzima, Afrika na Asia, zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wanaokutwa na TB ya mapafu iliyothibitishwa maabara hawana dalili za kueleza. Kikohozi hurusha vimelea vingi kwa mpigo mmoja, hilo halibishaniwi, lakini hata pumzi ya kawaida huvitoa.

Namna vinavyosafiri tumeijua kwa njia ya kushangaza. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Baltimore, Marekani, daktari Richard Riley na wenzake walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa TB, wakaipitisha kwenye mabomba mpaka kwenye vizimba vya simbilisi. Wanyama wale hawakuguswa na mgonjwa, hawakunywea kikombe chake. Walivuta hewa tu, wakaambukizwa. Tena walipofuatilia waliona sehemu kubwa ya maambukizi imetoka kwa wagonjwa wachache, na kwamba wale walioanza dawa zinazowafaa waliambukiza kidogo mno.

Ndiyo maana nikienda kutembelea mgonjwa nyumbani nikakuta sahani yake imetiwa alama ya rangi ya kucha, kikombe chake kimetundikwa peke yake msumarini, huwa nakaa kwanza kabla ya kusema lolote. TB haiambukizi kwa sahani. Mtu ametengwa kwenye sinia, watoto wamekatazwa kumsogelea, naye yuko mwezi wa tatu wa dozi, amemeza vidonge kila siku bila kukosa. Kwa walio wengi, baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi hatari ya kuambukiza inakuwa imeshuka sana, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kuendelea. Familia inakiogopa kikohozi cha mtu aliyetibiwa, halafu usiku wote wanalala chumba kisicho na dirisha na mjomba ambaye hajawahi kupimwa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kuhusu mapenzi sina ubishi. Kuhusu kikohozi, njoo kliniki kwetu asubuhi uone watu wanavyokificha. Tunampa mtu kikopo, tunampeleka nje penye upepo, si chooni wala chumbani, tunamwelekeza: sukutua kinywa kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, halafu kohoa kutoka chini, kutoka tumboni kabisa. Anarudi na mate. Mate matupu, meupe, yenye povu. Tunamrudisha. Mate tena. Siku moja binti mmoja aliniambia kwa aibu kwamba amesahau namna ya kukohoa kwa nguvu. Alikuwa akiuza duka la vipodozi, na tangu miaka ya korona kila akikohoa mteja anaacha alichoshika na kutoka. Amejifunza kukimeza. Kikimshika anainama chini ya kaunta, kama anatafuta kitu. Amekaa hivyo miezi minne kabla ya kuja, na kwenye kipimo anatuletea mate, ambayo mashine haiwezi kuyafanyia lolote. Tulisimama naye chini ya mwarobaini karibu nusu saa, mimi kwa mbali upande upepo unakotoka, nikimwambia, "Kohoa dada, hapa hakuna mteja." Ya tatu ndiyo ilikuwa makohozi.

Mkimtazama mtu kwa jicho kali kwenye basi, mjue ni kazi gani mnanitengenezea.

Adabu za kukohoa sisi tunazo siku nyingi. Mwambao mtu akipiga chafya anasema Alhamdulillah, aliye karibu anamjibu Yarhamukallah, na watoto wa madrasa hufundishwa kwamba Mtume alikuwa akifunika uso kwa mkono au nguo anapopiga chafya. Nguo ndiyo naipenda zaidi. Khanga, mtandio, leso, au ukikosa vyote, mkunjo wa kiwiko. Kiganja kina tabu yake: sekunde tano baadaye kinampa konda nauli, na virusi vya mafua, tofauti na vimelea vya TB, vinapenda sana safari ya mikono. Kama una mafua, "leo sikupi mkono" inatosha na hakuna mtu mzima atakayenuna. Barakoa vaa wewe unayekohoa; hapo ndipo ile ya kawaida ya buluu inapofanya kazi yake vizuri, kwa kuzuia kinachotoka.

Kwa jirani, neno letu "pole" lina kazi kubwa kuliko tunavyolitumia. Ukimwambia mtu pole, unaweza kumuuliza kimeanza lini bila kumvunjia heshima. Akisema kimepita wiki mbili, mwambie akapime, vituo vya serikali kipimo cha TB na dawa zake ni bure. Hilo umelisema kama ndugu. Ukilisema kwa kuinuka na kuziba pua, hatakwenda kupima; atakwenda kununua dawa ya maji ya kikohozi na pipi kifua.

Halafu kuna dirisha. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Lima, Peru: wodi zilizofunguliwa madirisha na milango zilibadilisha hewa yake mara 28 kwa saa, wakati vyumba vya kutenga wagonjwa vyenye mitambo ya kupitisha hewa vilikuwa na mara 12. Tena majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa. Dirisha halikuulizi nani anaumwa. Linamhudumia anayekohoa na yule wa bodaboda asiyekohoa kwa pamoja, na mtu haoni aibu. Kuna vumbi, kuna nywele zilizotoka saluni jana, najua, nimeshagombana na wenye nywele hizo.

Asubuhi ile nilimwomba mama ruhusa nikafungua kioo chake vidole vinne. Matone machache yakaturukia, hewa ya barabarani ikaingia na harufu yake ya dizeli na udongo uliolowa. Tukaongea habari za wajukuu wake. Alishuka Buguruni, akanishika bega akisema, "Nitakwenda, baba." Yule kijana wa kwanza akawahi siti yake kabla haijapoa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga dirisha. Mvua ilikuwa imeshakatika.