Jaji Akiongoza Tume ya Uchaguzi Ana Mamlaka Gani? Tujifunze kwa Fakhruddin G. Ebrahim wa Pakistan

Kila uchaguzi unapokaribia, dawati letu la elimu ya sheria hupokea swali lilelile: jaji akikabidhiwa tume ya uchaguzi, kwa nini asiamue peke yake na mambo yakaisha? Hawezi, na tumelieleza hili mara nyingi. Safari hii tutumie mfano wa Pakistan, ambako jaji wa zamani aliongoza tume hiyo.

Fakhruddin G. Ebrahim, aliyefahamika huko kama Fakhru Bhai, alizaliwa Ahmedabad mwaka 1928 na kufanya uwakili Karachi. Alipata kuwa Mwanasheria Mkuu, kisha jaji, hadi Mahakama ya Juu. Machi 1981 Jenerali Zia-ul-Haq, mtawala wa kijeshi wa nchi hiyo, alitoa Amri ya Katiba ya Muda na kuwataka majaji waape upya kuitii. Ebrahim alikataa, kama walivyokataa Jaji Mkuu Anwarul Haq na Jaji Dorab Patel. Asiyeapa alipoteza kiti chake. Wanaodai kwamba kiapo ni maneno tu ya sherehe watafakari hapo.

Mwaka 1989 aliteuliwa Gavana wa jimbo la Sindh. Katika kipindi chake iliundwa Kamati ya Ushirikiano wa Raia na Polisi mjini Karachi, iliyosaidia wananchi ambao malalamiko yao yalikuwa hayaandikishwi vituoni. Mwaka 1996 aliingia serikali ya mpito kama Waziri wa Sheria, akajiuzulu.

Wengine huuliza kama ni halali jaji kushika vyeo vya serikali. Ibara ya 207 ya Katiba ya Pakistan inamtaka jaji mstaafu asubiri miaka miwili kabla ya kushika cheo chenye malipo serikalini, isipokuwa vyeo vichache vilivyotajwa, kikiwemo cha Kamishna Mkuu wa Uchaguzi, yaani mkuu wa Tume ya Uchaguzi.

Utaratibu wa kumpata Kamishna huyo uko katika Ibara ya 213. Waziri Mkuu hushauriana na Kiongozi wa Upinzani, wakapeleka majina matatu kwa kamati ya Bunge. Wasipoafikiana, kila mmoja hupeleka orodha yake. Nusu ya wajumbe wa kamati hutoka upande wa serikali, nusu upinzani. Kumwondoa kunapitia Baraza Kuu la Mahakama, kama anavyoondolewa jaji. Akitaka kuondoka mwenyewe, humwandikia Rais.

Ebrahim alipita njia hiyo Julai 2012, akiwa na miaka 84, na pande zote mbili zilimkubali. Uchaguzi wa Mei 11, 2013 ulikuwa na wapiga kura walioandikishwa zaidi ya milioni 86. Lawama za wizi wa kura zilipokuja, zilimwangukia yeye. Lakini Tume ilikuwa na wajumbe wengine wanne, mmoja kutoka kila jimbo, na kura yake ilikuwa moja kati ya tano. Tafadhali tusome sheria kabla ya kumlaumu mtu.

Kisha Tume ikapanga uchaguzi wa Rais ufanyike Agosti 6. Chama tawala kilikwenda Mahakama ya Juu, kikieleza kuwa tarehe hiyo inaingiliana na ibada za mwisho wa Ramadhani, nayo mahakama ikausogeza hadi Julai 30. Tume ikatii. Uchaguzi ulipokwisha, Ebrahim alijiuzulu, akiacha karibu miaka minne ya muhula wake.

Kiti kilishikwa na makaimu hadi Desemba 2014. Marekebisho ya 22 ya Katiba, ya mwaka 2016, sasa yanataka nafasi kama hiyo ijazwe ndani ya siku 45, na Kamishna Mkuu si lazima awe amewahi kuwa jaji.